Kaburi Lako la Mtama

Kaka yangu Selemani,

Shikamoo. Itikia hapo hapo ulipo, hata watu wakikucheka.

Barua hii sikuifunga. Wewe hujui kusoma, ulimkimbia mjomba chuoni hata alifu hujaizoea, kwa hiyo anayekusomea ni mtu mwingine nami simjui. Ewe msomaji, Mungu akulipe, ila soma kwa sauti na usiruke neno. Na kama wewe ni askari, soma vilevile. Mtama nitakaoutaja humu tumeshautoa, mwingi umeliwa, mwingine tumeugawa, na uliobaki haufai hata kukusumbua kupanda mlima.

Naandika mbiombio. Mzee wa chumvi, mchuuzi atakayekuletea barua hii, anarudi Lindi leo. Amekaa hapa nje anakunywa uji, na kila nikiinua macho naona bakuli limepungua. Nimeomba mama amwongeze. Ameshamwongeza, na mzee hakukataa.

Unazikumbuka zile siku za "leo hakuna"? Kwa msomaji asiyetujua: sisi tunakaa huku juu Makote, na huku juu maji hayapo. Unashuka bondeni jogoo akiwika, unapanda na mtungi kichwani jua likiwa utosini. Sasa mama yetu alikuwa na kichaa chake. Anaamka asubuhi, anatukazia macho, anasema, "Leo hakuna maji." Na mtungi uko pale pale pembeni, umejaa, kata imelala juu yake! Ole wako uuguse. Tunatoka na vitambaa vya kaniki kupangusa umande kwenye majani, tunakamulia bakulini, tunakunywa maji yenye ladha ya nguo. Siku nyingine, "Leo hakuna moto." Siku nyingine hakuna chumvi, tunachoma majani na kuchuja majivu mpaka macho yanatutoka machozi.

Wewe ndiye uliyekuwa unanuna kuliko wote. "Mama, mtungi si ule pale?"

"Uko wapi? Mimi siuoni."

"Vita yenyewe iko wapi, mama?"

"Ikifika utaniuliza swali jingine."

Jua likizama ndipo anasema, "Haya, siku imekwisha," anafunua mtungi, na wewe unakunywa wa kwanza kwa sababu ndiye uliyelalamika zaidi. Nilikuwa nakuonea kijicho kwa hilo. Mimi nimenyamaza kutwa nzima kama mtoto mwema, na kibuyu anapewa mnung'unikaji!

Tulikuwa tukimcheka mama kwa siri. Hatukujua wakati ule, alitueleza baadaye, kwamba yeye Wangoni walipofika alikuwa mtoto wa mgongoni karibu kushushwa, na bibi alikimbia naye vichakani bila kitu. Waliokoka kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa amefunga mbegu kwenye pindo la nguo yake. Tangu alipopata akili mama hajawahi kulala kabla ya kupapasa mitungi yake ya mbegu. Mtama unachanganywa na majivu, mdomo unazibwa kwa udongo, mtungi unapanda darini juu ya moshi. Unauma punje moja kwa jino, ikilia kau, imekauka. Ikinyamaza, inarudi juani.

Na zile njugu ulizoiba, loo! Ulikula mbegu yote, ukajaza vijiwe mtungini, ukaziba vizuri kama fundi. Msimu wa kupanda mama alifungua, akatazama. Akakupa jembe akakwambia ukapande ulichoweka. Ulipanda mstari mzima wa mawe huku unalia kamasi, na kila asubuhi anakutuma, "Nenda kaangalie kama zimeota." Nilikucheka mpaka mbavu zikaniuma. Leo nikiupita ule mstari sicheki.

Ndiyo maana ulipokamatwa nilijua ni wewe hasa, hata kabla bwana aliyetuletea habari hajamaliza kueleza. Ulikuwa umeshuka Lisekese kwa shangazi kutafuta mbegu ya njugu. Askari wa Mdachi walikuwa wanatafuta vichwa vya kubebea mizigo, wakakutwika sanduku, ukaenda njia ya Lindi. Bwana akasema, "Aliomba jambo moja tu, kikapu hiki kifike kwao." Tukafungua, njugu tupu, punje nzuri, hata moja hukula. Mama alikishika kikapu kile akakaa nacho pajani hadi jua likachwa. Alitufundisha kukosa maji, kukosa moto na kukosa chumvi, lakini kukukosa wewe hatukujizoeza siku hata moja, kaka. Sote tulianza upya kama watoto.

Kisha habari zikaanza kutoka Masasi. Leo wamepita wenye dawa ya maji, wamechukua mbuzi. Kesho wamepita askari, wamechoma ghala. Mama hakungoja. Alisema, "Hapa ardhi ni kavu, haishiki maji wala haiozeshi. Mtama tutauzika." Nami nilidhani anasema tu. Kumbe alimaanisha kuzika kweli: kaburi, limeelekezwa Kibla, tuta juu, chungu kilichopasuliwa na unga kidogo umenyunyizwa, kama wanavyofanya kwetu. Alitaka iwe mchana kweupe, kwa sababu mtu anayezika kwa kificho ndiye anayefukuliwa.

Mjomba alikuja juu. Mwalimu wa chuo mzima! "Mimi simswalii mtama!"

"Nani kakwambia uswali? Simama utikise midomo."

Akasimama, akatikisa midomo. Nilipomuuliza baadaye alikuwa anasema nini, akajibu, "Nilikuwa namlaumu mama yako, na sikufika mwisho." Mitungi yote ilishuka shimoni, na kikapu chako juu yake. Ghalani mama aliacha kidogo makusudi. Alisema wakikuta tupu watatuuliza, wakikuta kidogo watachukua na kuondoka.

Tulikubaliana kwamba akiuliza mtu, ni kaburi la bibi. Tazama sasa kosa letu. Bibi amekufa zamani, na udongo ulikuwa mbichi.

Askari waliingia ukungu ulipoinuka. Walimaliza ghala, wakazoa hata mihogo iliyoanikwa. Na aliyekuwa anawaonyesha njia alikuwa mwenzio wa jando, yule mrefu, aliyekula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Akaona tuta. Akamwamkia mama kwa adabu, "Shikamoo, mama Selemani. Huyu nani?"

Niliona mdomo wa mama ukianza kusema bibi. Nikaona umeacha. Angesema mimi, nilikuwa nimesimama pale. Angesema mjomba, alikuwa anakohoa nyuma yetu. Kaka, asiyeonekana nyumbani ulikuwa wewe peke yako.

"Ni Selemani," akasema. Askari mmoja alikuwa anachokoa tuta kwa kitako cha bunduki. Mama akaenda mlangoni, akatungua kibuyu chako, kile ulichochora mjusi tumboni, akarudi nacho, akakivunja juu ya kaburi, kama kinavyovunjwa chombo cha marehemu. Kipande kimoja kiliruka mpaka miguuni pangu. Kisha akalia. Mimi nilijua kilichomo mle chini, nilikitia kwa mikono yangu, na bado nywele zilinisimama. Mwenzio alivua kofia, akalia kuliko mama, akawaambia wale wengine, "Huyu nimetiwa naye jando. Mwacheni." Wakaondoka.

Mtama ukapona. Majirani wakaja matangani, na tungewaambiaje? Siri ikiingia nyumba ya pili inakwenda bomani. Walileta unga wao wa mwisho mwisho, wakamfariji mama, naye akapokea huku ameinamisha uso. Alikuwa amelala njaa ya aibu kabla njaa yenyewe haijafika.

Ikafika. Sitakuchosha, na wewe umeyaona ya kwako. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, hadi vichaka vyote vikawa mashimo. Tulichimba na ndiga, na ndiga unazijua, bila kuzilowesha kwenye maji mengi zinaua, na maji yenyewe ndiyo yale ya bondeni. Mjomba kila asubuhi anasema, "Dada, fungua." Na mama kila asubuhi anasema, "Bado."

Nilimkasirikia, nakwambia kweli. Nilimwambia tunakufa huku chakula kiko hatua chache. Ndipo nikagundua kilichompata. Alikuwa amepita mtu kutoka njia ya Lindi akasema wapagazi wengi wamekufa kwa homa, wameachwa majanini. Tangu siku hiyo mama alikuwa anakwenda kukaa kwenye lile tuta asubuhi na jioni. Anaviokota vile vipande vya kibuyu, anavipanga, anavivuruga. Kaburi la uwongo lilikuwa limegeuka la kweli kwake. Angelifungua angekuta mtama, na asingekuwa tena na pa kukulilia. Nikarudi kuchimba ming'oko.

Halafu juzi akatokea mzee wa chumvi. Hata mzigo hajatua, anauliza, "Hapa ndipo kwa mama Selemani? Mwanao nimemwona Lindi. Mzima, anapakua mizigo."

Mama alichukua jembe. Hakuuliza umevaa nini, unakula wapi, hakuuliza kitu. Alikwenda mbio, mwanamke ambaye mwezi mzima alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, akaanza kuchimba huku anacheka na kukutukana. Mjomba akamsaidia, mimi nikatoa udongo kwa mikono. Mitungi ilitoka mizima yote. Mama akauma punje moja. Ikalia kau. Kaka, laiti ungeusikia mlio ule! Tulipika, tukamwita kila jirani aliyeleta unga matangani, mama akawapimia kwa vikapu akiwaomba radhi. Wengine walinuna, wengine walicheka, wote walikula.

Tukiwa tunanawa mikono ndipo mzee akamaliza ujumbe wake. Akasema alikuita mje pamoja, ukakataa. Kwamba mwenzio wa jando alitangaza msiba wako Lindi kote, ukasikia kwamba kwenu umeshazikwa, kibuyu chako kimevunjwa na mama yako mwenyewe. Ukamwambia mzee, "Walionizika nirudi kuwafanyia nini?"

Mama alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini.

Hasira yako naijua, ni ile ile ya mtungi. Lakini hii si haki! Unadhani tulichoka kukungoja? Unadhani tulipiga hesabu tukaona mdomo mmoja umepungua? Jina lako ndilo walilokubali kuliacha bila kulifukua, na chini yake tulificha uhai wetu wote, na mbegu zako juu kabisa. Kama unataka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi niliyesimama pale nikanyamaza, ila uje unikasirikie hapa.

Tangu juzi siwezi kukaa. Nakwenda njiani, narudi. Nimemwambia mjomba nifuatane na mzee mpaka Lindi nikakuvute sikio, amekataa, nimemwambia nitatoroka, amesema mama atabaki na nani. Basi nimekaa na kalamu yake, na wino wenyewe nimeuchafua mkekani.

Na kuna hilo shimo. Liko wazi. Mjomba anasema kaburi lililochimbwa halikai wazi, ama aingie mtu ama lifukiwe, na yeye hataki kusikia la kwanza. Ameshika jembe mara mbili. Mama anasimama mbele yake. Anasema aliyelifukia mwanzo alikuwa yeye na ona limezaa nini, safari hii atalifukia mwenye jina lake. Jioni analifunika kwa mkeka, asubuhi anafunua, anachungulia, anafunika. Mawingu yameanza kukaa upande wa Kitangari. Mvua ikinyesha litabomoka, na sijui mama atafanya nini.

Mzee ameshaweka bakuli chini. Anafunga mzigo.

Mbegu yako imetengwa, mtama na njugu. Jembe lako liko ukingoni mwa shimo, mpini nimeupaka mafuta. Kibuyu kipya mama amekitoboa jana, kinaning'inia mlangoni, mahali pa kile cha zamani. Nilitaka kukichotea maji, nikapigwa mkono.

Mzee amesimama. Nimemuuliza mama kama ana neno la kuongeza, naye yuko pale mlangoni, ameuweka mtungi mbele yake, umejaa, kata imelala juu. Hakuniangalia. Amesema, "Mwandikie siku imekwisha. Aje anywe wa kwanza."

Mimi mdogo wako, wa tumbo moja.