Ombi la Mariamu Muuza Ndagala Kuingia Chama cha Akina Maria

CHAMA CHA AKINA MARIA, KALUNDU, UVIRA
Kikao cha Jumapili, 15 Agosti 1954, saa nane mchana, uani kwa Mwenyekiti.

Waliohudhuria: Marie-Jeanne (Mwenyekiti), Marie (mke wa Venant), Mariya wa Rurambo (Mprotestanti), Generose (Katibu, si mwanachama, haitwi Maria, ila ndiye anayejua kuandika).
Aliyealikwa: Mariamu, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, Mwislamu wa Ujiji, mjamzito wa miezi tisa.
Asiyehudhuria: Maria wa Makobola, bila sababu, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/54: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala ndefu. Mariya alifungua tena kwa sala yake, kwa kuwa ile ya kwanza haikumtosha.

KUMB. NA. 2/54: OMBI
Mariamu alieleza kwamba mume wake yuko Kigoma, ndugu hana upande huu wa ziwa, na amesikia kwamba mwanachama akijifungua, somo zake, yaani wenye jina moja naye, humchotea maji na kumpikia siku nane. "Miye niko peke yangu. Nikizaa, nani atanishika mukono?"

Mwenyekiti alijibu kwamba Mariamu ni jina lingine, la Waarabu. Mariya alisema Biblia yake ya Kiswahili inaandika Mariamu, kwa hiyo labda mgeni hapa ni Marie-Jeanne. Marie aliongeza kwamba mtawa wa Kibelgiji wa misheni ni Maria kanisani, lakini dada yake akimwandikia barua humwita Mieke, ndiyo Maria ya kwao, na hakuna aliyemfukuza. Mariamu alisema Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, akauliza Jeanne anazo ngapi.

Mwenyekiti alikasirika sana. Marie alisema basi, Mwenyekiti mwenyewe ni Maria nusu, apewe nusu ya kiti. Katibu alicheka. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba Katibu alicheka, na kwamba mtu asiye na somo hata mmoja toka Makobola mpaka Ruzizi hana ruhusa ya kucheka majina ya wenzake. Imeandikwa. Iliniuma.

KUMB. NA. 3/54: KURA
Haikupigwa. Uchungu ulimshika Mariamu palepale. Wa kwanza kuruka alikuwa Mwenyekiti: "Munangojea nini? Maji! Huyu iko muntu yetu!" Mariya alikimbilia ziwani, Marie akawasha moto. Mkono wa Mariamu ulishikwa na Katibu, ambaye hakupewa kazi nyingine. Vidole bado vinauma, mwandiko usamehewe.

KUMB. NA. 4/54: MENGINEYO
Saa kumi na moja alizaliwa mtoto wa kike, mzima. Mwenyekiti alitangaza kwamba bila shaka ataitwa Marie-Jeanne. Mariamu alisema ua huu umeshiba Maria. Mtoto ataitwa Generose. Mwenyekiti alipinga, akisema hilo si jina la Kiislamu. Mariamu alijibu kwamba la Kiislamu baba yake atalileta, la kuitiwa nyumbani ni hilo. Pingamizi halikuungwa mkono.

Watu walitawanyika saa kumi na mbili, zamu za maji za siku nane zikiwa zimepangwa. Mwenyekiti alikataa kutia kidole mpaka pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa.

Mwenyekiti: Marie-Jeanne (kidole gumba)
Katibu: Generose, somo yake Generose