Ng'ombe za Watu na Mkwe Asiyekula

Mke wangu Nyabise,

Salamu zikufikie huko mahameni Butiama. Sisi tulishahamia kijijini, kaburi lako ndilo lililobaki likilinda migomba. Huku nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi. Majirani ninao kila upande, lakini hakuna anayeniuliza jioni nimekula nini.

Wakuru, mtoto wa marehemu dada yangu tuliyemlea wewe na mimi, sasa ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Ana kitabu kinene cha Kiingereza, cha zamani, mambo ya mapenzi. Ananisomea huku anamenya mihogo, ananitafsiria. Humo binti mmoja na bwana mmoja walipimana vibaya siku ya kwanza tu, basi kurasa kwa kurasa wanachukiana bure. Nikamwambia, "Mwalimu, hao wamechelewa. Mimi na mama yako kitabu chote hicho tulikimaliza msimu mmoja wa pamba."

Unakumbuka? Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwaga nanyweshea ng'ombe ziwani, upande wa Nyegina. Kundi lile mkia wake ulikuwa bado Musoma mjini. Ukaja na wenzako kuteka maji. Nikawasimulia nilivyomvuta mamba mkia mpaka nchi kavu, akaniomba radhi. Wenzako wakacheka. Wewe ukajitwika mtungi ukasema, "Mali nyingi na domo refu, vyote kwa mtu mmoja. Mungu hana haya."

Nilipoleta posa, baba yako alitazama pembe tu, akafurahi. Wewe ukakataa katakata, hutaki tajiri wa majigambo. Nami nikatangaza kila mahali kwamba binti yule ana kiburi, shingo kama ya korongo.

Halafu ikajulikana ng'ombe si zangu. Wewe unajua kwetu, mwenye mali hajazi zizi moja. Anawawekesha marafiki, ugonjwa ukiingia kwake asibaki mikono mitupu. Zile zilikuwa za watu. Changu kilikuwa maziwa, na mtamba mmoja mkorofi. Baba yako akanuna. Wewe ndipo ukageuka. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikakusikia: "Baba, watu wote hao wamemwachia mali yao na hata ndama hajapotea. Huyu uongo wake unaishia mdomoni." Nyabise, sijasifiwa vizuri namna ile tena, na mimi hujisifu kila siku.

Sasa amekuja kijana kumtaka Wakuru. Ni fundi wa mashine za kuchambua pamba Bunda, kwao ng'ambo ya mto Mara. Nikachinja jogoo. Bwana yule akakaa kama jiwe la Butiama, hakugusa nyama, hakugusa ugali, hata maziwa alirudisha kwa mikono miwili. Nikaona huyu ametudharau. Alipoondoka nikamwambia Wakuru, "Anayekataa ugali wangu hapati mwanangu."

Kitabu kikafungwa. Tukawa tunakula kila mtu anatazama sahani yake.

Mwishowe akasema, "Mjomba, kwao mtu hali ukweni kabla hajakubaliwa. Alikuwa anakuheshimu. Amekwenda na njaa mpaka Kiabakari."

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Ulimwachia nafasi gani ya kusema?"

Nakwambia wewe peke yako, mama. Nilipolijua hilo sikufurahi. Ubaya wa yule kijana ulikuwa unanifaa. Angeendelea kuwa na kiburi, mimi ningebaki na mtu ndani ya nyumba.

Lakini nikakufikiria ukimjibu baba yako. Nikatuma neno arudi. Kabla hajakalia kiti nikasema, "Nimekubali, kaa ule." Nikamwekea sato mzima. Alikula mpaka nikaiogopea sahani. Wakuru alisimama mlangoni, anacheka, anajifuta macho kwa kanga. Pamba ikishavunwa, wazee wakimaliza mambo ya mahari, atamfuata Bunda.

Ulikuwaga unasema siku nitakayokosa maneno ndiyo utajua naumwa. Jana jirani alipita akaniuliza habari za hapa. Nikamjibu, "Nzuri," nikaingia ndani.

Pumzika, mama.

Ni mimi mumeo,
mjomba wa Wakuru.