Paa Tulivu la Jikoni

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Jiko la mama halina tena paa ulilolijenga. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana najua ulivyolionea fahari.

Unakumbuka shule ya zamani hapa Nyakasimbi ilipoezuliwa, ukapewa yale mabati ya kijivu, mazito, yawe ahsante ya kazi ya kuiezua? Ulisema bati la kawaida lina kelele, hili ni tulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilikuwa darasa la sita. Nilikushikia, wewe ukakata kwa msumeno, vumbi likatujaa. Ulipoona nywele zangu zimekuwa nyeupe, ulivua kofia ukapiga magoti kama wanawake wetu wanavyosalimia: "Shikamoo, bibi!" Nilikimbia kwa aibu, sikukuitikia. Vipande vilivyobaki mama akawa anaanikia kahawa, na kila msimu sisi watoto tulivikwangua na kuvifagia kwanza.

Vipande hivyo ndivyo vilivyoninyima raha. Juzi bwana afya alisimama baada ya ibada akatueleza kuhusu asbesto iliyomo kwenye mapaa ya zamani. Paa zima lisiloguswa hatari yake ni ndogo. Ukilikata, ukilivunja au kulikwangua, vumbi lake huingia kifuani na kukaa humo miaka mingi kabla ya kuonyesha ubaya. Nikakumbuka kikohozi chako, ulivyokuwa ukipumzika mara tatu kutoka jikoni hadi barabarani. Hakuna daktari aliyetuambia vumbi hilo ndilo lililokuondoa, nami sitazua. Lakini niliumia, Tata. Niliumia sana.

Tulipotaka paa lishushwe, mama aligoma. "Hilo paa ndilo mume wangu aliyebaki. Mnataka nifiwe mara ya pili?" Sikubishana naye. Tuliingia kibanjani, tukaketi chini ya migomba karibu na kaburi lako, nikamwambia kwamba sasa wajukuu zako ndio wanaokwangua vile vipande. Aliokota jani kavu juu ya kaburi lako. Kisha akasema, "Mwenyewe angekuwa ameshapanda ngazi."

Walikuja watu waliofundishwa kazi hiyo. Waliyalowesha mabati kwa maji, wakayashusha mazima, wakayafunga kwenye nailoni nene pamoja na vipande vya kahawa. Msumeno haukuguswa. Sasa tumeezeka bati la kawaida; mvua ikinyesha mama hasikii hata redio, na lawama anakutupia wewe uliyemzoesha paa tulivu.

Mimi nami nimepimwa kifua. Daktari hajaona kitu, ila amesema nirudi kila mwaka, kwa sababu vumbi lile nililivuta pamoja nawe. Naogopa kidogo, sikufichi. Nitarudi kila mwaka, nakuahidi. Na kila mwenye paa kama letu nitamwambia asilikate, hata akinichoka.

Pumzika, Tata. Nywele zangu bado nyeusi. Nikijaliwa mvi zangu mwenyewe, nitakuja kibanjani nisimame mbele yako, niitikie ile salamu yako: marahaba.

Binti yako,
Koku