Lenzi ya Jicho la Kushoto

Kinyozi, Mlango wa Tatu,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako ilinifika, na marahaba yangu ipokee. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Unakula, au bado unalidanganya tumbo kwa chai? Sisi huku tu wazima, ila goti langu limeamua kuzeeka kabla yangu.

Barua yako ilinikata maini. Eti tangu ile manga, katuni ya Kijapani ya binti fundi saa, iishe vibaya, umeacha kuchora kabisa, kwani hata mabingwa wanaboronga. Nilitaka kukujibu kwa ukali. Bahati nzuri nilichelewa, maana sasa nina habari.

Vile vitabu kumi na tisa ulivyoniachia viko kwenye benchi la wateja, wamevisoma mpaka majalada yamelegea. Fundi bomba alisahau kwamba manga husomwa kutoka kulia. Akafungua cha mwisho alivyozoea, akaangukia ukurasa wa mwisho, akawa wa kwanza kukasirika. Wengine wakafuata. Binti aliyekataa uongo vitabu kumi na vinane, leo anamdanganya dada yake na kuolewa na hakimu aliyemfunga baba yao! Siku hiyo nilimkwangua mtu kisogo kwa hasira.

Mtetezi alikuwa mmoja tu, Mwalimu wa Hesabu.

"Watu hubadilika bwana," alisema. "Nyinyi kelele tu. Kama mnaweza, leteni mwisho wenu."

Basi nikaleta daftari lako. Ndiyo, lile uliloniambia nilitupe, ulimochora mwisho wako mwenyewe, binti anamwambia dada yake ukweli na hakimu anaondoka mikono mitupu. Nisamehe, ingawa sijutii hata kidogo.

Mwalimu alikuja Jumamosi ya tarehe mosi kunyolewa, akalichukua ili alitafutie kosa. Nilipofika nusu ya kichwa akanizuia mkono. Akavitandaza vitabu vyote sakafuni, akawa anapekua huku na huku. Tangu kitabu cha saba, jicho la kulia la binti lilipoumia, lenzi ya kazi anaivaa kushoto. Kwenye kitabu cha mwisho wamemvisha kulia! Kwako iko kushoto, kila ukurasa.

Akasimama na nywele za upande mmoja. "Jamani, nimeshindwa. Huyu anamjua binti kuliko aliyemuumba."

Mpwa wangu, duka lililipuka! Watu walipiga makofi mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza nani kaoa. Nililia, sifichi.

Mwalimu amekwisha kutoa nakala thelathini za daftari lako, zote zimegombaniwa. Sasa wananisumbua kila siku, binti atafanya nini baada ya hapo? Nitajuaje mimi kinyozi?

Mama yako anakusalimu sana, na bibi anasema uvae soksi. Mke wangu anakubusu. Mungu akulinde, aibariki mikono yako na kila unachokigusa.

Nimekuwekea nakala moja humu kwenye bahasha. Jaladani, mahali pa jina la mchoraji, ni peupe. Watu wote walitaka nipajaze, nikakataa katakata. Andika jina lako, mwanangu, kisha unirudishie.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kujivunia wewe mbele ya wateja wote,

Kinyozi