Mlango Uko Wazi, Bwana Afya

Mwaka umeshatimia, mwanetu, tangu nimonia ya mwisho ikuchukue ukiwa na miaka tisa.

Ulizaliwa na kinga ya mwili pungufu. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi; haukumwambukiza mtu yeyote. Waliowavuta watoto wao kando ulipopita walikosea: wewe ndiye uliyepaswa kuwaogopa wao na mafua yao. Masikio, mapafu, ngozi. Likipona hili, linaanza lile. Wodi ya watoto tuliijua kuliko sebule za majirani.

Beseni na sabuni vilikaa mlangoni, na msimamizi ulikuwa wewe. Jina la Bwana Afya ulibandikwa na mjomba wako makanika, siku uliyomrudisha kwenye beseni mbele ya shemeji zake. Ulimwambia kwa upole, "Mjomba, mikono umeilowesha tu. Hujanawa." Tangu hapo aliingia amenyoosha viganja vikaguliwe, kama mtoto wa shule.

Mwenye kikohozi hakuingia. Bibi yako akipata mafua alikaa nje kwenye kigoda, mkataniana kupitia dirishani. Ulimwita mchumba, ukamwahidi ndoa akiacha kupiga chafya.

Watu wakazoea kutokuja. Sasa hakuna wa kulindwa, na bado hawaji. Dada yako anakula huku akitazama mlango. Baba yako akirudi kazini ananawa hadi viwikoni, kisha anasimama palepale kidogo, kama anayengoja ruhusa. Beseni niliwahi kuliondoa. Nikalirudisha.

Nimeandika mimi, mama yako, kwa sababu wenzangu wakishika kalamu wanalia. Mimi hulia nikifua.

Jumamosi hii mchana tutakaa sebuleni kukuzungumzia wewe, na mlango utakuwa wazi. Tunawaomba majirani, wanafunzi wenzako na wauguzi wako waje. Hata mwenye mafua aingie, apate kiti, asibaki dirishani. Ila kunawa atanawa. Na kwa kuwa wewe hupo, mwanangu, viganja nitavikagua mimi.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, dada yako anayelala sasa peke yake chumbani kwenu, mjomba wako, na bibi yako, ambaye anasema uchumba haujavunjika.

Hatutakusahau hata siku moja.