Somo Wawili, Kadi Moja

Bongwe,
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha Baba kiwe kimetulia. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujakaa mahali pake tangu jana. Nimekupigia mara nyingi, simu yako haipatikani. Nadhani umeme umekatika tena huko Majoreni. Kwa hivyo ninampa ami Bakari barua hii mkononi, anakuja huko leo na pikipiki yake. Tafadhali isome yote kabla hujaenda shamba.

Unajua kazi yangu hapa zahanati ni kuandika wagonjwa kwenye kompyuta. Mwezi uliopita alikuja Kaka Mutiso, fundi wa programu kutoka bara, kututengenezea faharasa. Faharasa ni kama zile kurasa za mwisho wa kitabu zinazokwambia neno liko wapi. Kompyuta ina faharasa yake ya kawaida, lakini hiyo hufuata herufi tu: ukitafuta Hamisi, aliyeandikwa Khamis humpati. Na jina la mtu kwetu si neno moja. Kuna la kwake, la baba, na la babu kama amelitaja. Basi Kaka Mutiso akaunda faharasa yetu wenyewe, inayojua majina yapi yahesabiwe sawa. Mwenyeji pale ni mimi, akaniuliza mimi.

Aliuliza haraka haraka, nami unanijua. Bakari na Abubakari? Nikaitikia kwa kichwa. Mwanasha na Mwanaisha? Nikaitikia. Kisha akanionyesha Mwanasha Hamisi na Mwanaisha Khamis, akauliza kama ni yule yule. Nikasema, "Ni somo," kwa sauti yangu ile ile ya chini. Akasema sawa, akageukia kompyuta. Nilijua hakunielewa, nikanyamaza.

Jana alikuja Bi Mwanasha, bibi mtu mzima wa hapa Bongwe, kupimwa presha. Dada Riziki wa mapokezi akafungua faili, akamsomea kwamba ana mimba ya miezi minane.

"Basi mfufueni mume wangu," akasema Bi Mwanasha, "akaulizwe yeye."

Watu walicheka mpaka benchi likatikisika. Mimi sikuweza. Kaka Mutiso alimgombeza Riziki kwamba amefungua faili ya mtu mwingine, na daktari akasema mzembe hana kazi pale. Riziki akaanza kulia. Nikasimama.

"Kaka, si Riziki. Nilikwambia ni somo."

"Somo gani? La hisabati?"

"Somo ni mtu mwenye jina kama lako. Jina moja, watu wawili."

Akaifungua faharasa, akaona. Alikuwa ameiwekea faharasa sharti kwamba majina yakilingana, faili iwe moja. Kila kitu cha mmoja kilikuwa kimechanganyika na cha mwenzake.

Sasa sikiliza, Mama. Huyo Mwanaisha mwenye mimba ameshakwenda kwa mamake kujifungua, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, na kwao ni huko Majoreni, nyuma ya msikiti mdogo. Simu yake nayo haipatikani. Kadi ya kliniki aliyoondoka nayo niliichapa mimi, na kundi la damu lililoandikwa si lake, ni la Bi Mwanasha. Kaka Mutiso anasema hospitali lazima watampima upya. Huenda. Lakini mimi nawaza siku ya haraka, damu inamtoka, na mtu anaitazama kadi niliyoichapa.

Nenda kwake leo, Mama. Ichukue kadi hiyo, na umwambie apimwe upya kabla uchungu haujaanza. Huku tunazitenganisha faili moja moja, na kompyuta sasa ikikuta majina yanayofanana huyaonyesha yote, nasi humuuliza mgonjwa jina la mamake.

Nisalimie Baba, na Bibi aliyenilea, na shangazi anayekaanga samaki pale njiani. Mdogo wangu mwambie viatu vyake nimeshavinunua.

Na Mwanaisha akikuuliza nani alikosea, usimwambie ni kompyuta. Mwambie ni binti yako, alijua akanyamaza.

Mimi mwanao,
Mwanamisi