Fundo ya Wavu Ndani ya Konvertisere

Neema, mujukuu wangu,

Pokea salamu toka Mulongwe. Mama yako amepona malaria, na mto umerudi mu njia yake.

Unaniuliza: mumeandika kazi ya masomo watatu pamoja juu ya konvertisere, ile mashine inayogeuza kurani, ni kusema umeme, ya betri ili izungushe motere ya gari ya umeme, kazi ya kila mumoja itapimwa namna gani?

Wakati wa vita, minye na fundi Bahati tulitengeneza konvertisere ya kuwasha taa ya maternite, nyumba ya kuzalia, kwa betri ya gari. Watu waliiita "ya Bahati". Siku moja saa sita ya muchana ikazimika, mama mumoja anazaa, madirisha yote yamezibwa juu ya kuogopa risasi, ndani giza. Bahati alikuwa amekimbilia Burundi.

Mukunga akalia: "Mwenyewe hayuko!"

Nikaifungua. Nyaya zangu zilishika, kila moja na fundo ya wavu, vile baba yangu muvuvi alinifundisha. Iliyochomoka ni ile Bahati alisokota tu. Nikaifunga.

Taa ikawaka. Nikasema: "Mwenyewe yuko hapa."

Weye pia, fungua kazi yenu, utafute fundo yako. Ukiiona, usikubali waiite ya mwingine.

Ni minye, mama ya mama yako